Una BA na unataka kufundisha? Hesabu masomo yako kwanza

Ulisomea BA, si Elimu, na sasa unataka kuwa mwalimu wa Historia au Jiografia katika sekondari? Mlango upo: diploma ya uzamili ya elimu, PGDE. Lakini kabla hujalipa karo, toa transkripti yako uikague.

Tume ya Huduma za Walimu, TSC, inataka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundisha, si moja. Kwenye KCSE, uwe na C+ kwa jumla na C+ katika kila moja ya masomo hayo. Yuniti ulizofanya chuoni pia huangaliwa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Sosiolojia ni tamu, lakini haimo kwenye ratiba ya shule. Ukiwa na Historia, la pili ni lipi? Jiografia? CRE? PGDE itakufunza mbinu za kufundisha na kukupeleka mazoezini darasani. Haitakujazia somo ambalo hukusoma.

Kwa hivyo, ukikosa la pili, uliza chuo kama unaweza kuongeza yuniti zake kwanza, ndipo ujiandikishe. Ukigundua pengo siku ya kusajiliwa na TSC, karo imeenda, na miezi yako pia.