3,250 ni ngapi? Mkato wa desimali kwenye data zetu

Kwenye daftari la wodi ya wazazi, uzito wa mtoto umeandikwa 3,250. Mtu wa Dodoma au Nairobi atasoma elfu tatu mia mbili hamsini, basi hizo ni gramu. Mtu wa Bujumbura au Lubumbashi, aliyesoma hesabu kwa Kifaransa, ataona kilo tatu na robo. Bahati nzuri wote wanamzungumzia mtoto yuleyule. Kompyuta haina bahati hiyo.

Wala hakuna aliyekosea. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani (CGPM) ulikubali alama ya desimali iwe nukta au mkato. Maelfu yatengwe kwa nafasi tupu tu. (Hilo la pili, angalia risiti yoyote ya dukani uone kama linafuatwa.)

Shida huanza faili linapovuka mpaka. Excel iliyowekwa kwa Kifaransa ikihifadhi CSV, hutenganisha safu kwa nukta-mkato, maana mkato umeshachukuliwa na desimali. Lifungue kwenye R kwa read.csv ya kawaida, na joto la 37,5 linakatwa vipande viwili. Hilo si baya sana, unaliona papo hapo.

Baya ni lile lisilopiga kelele. Tuseme umerekebisha kitenganishi lakini si desimali: 37,5 inabaki maandishi, siyo namba. Wengi hapo hukimbilia as.numeric. Siku hizi utapata NA na onyo juu, afadhali. Ila kabla ya R 4.0.0 ya mwaka 2020, maandishi yaligeuzwa kuwa makundi yanayoitwa factor, na as.numeric ilikurudishia namba ya kundi. Yaani 37,5 ingeweza kutoka 4, kimya kabisa. Kodi za zamani zenye stringsAsFactors = TRUE bado zinafanya hivyo.

Wengine wanafuta mikato yote. Mgonjwa mwenye joto la 375 utamshtukia. Lakini dozi ya mililita 2,5 iliyogeuka 25? Hiyo inapita, na wastani wako unapanda nayo.

Dawa yenyewe ni fupi. Kwenye R tumia read.csv2, ambayo inajua nukta-mkato na mkato wa desimali. Kwenye pandas andika sep=";" na decimal=",", na kama maelfu yametengwa kwa nukta, ongeza thousands=".". Usipitishe faili kwanza kwenye Excel ya Kiingereza: 3,250 itakuwa elfu tatu na ushee, 3,2 itabaki maandishi, ndani ya safu moja! Kisha angalia thamani ndogo na kubwa kabisa ya kila safu kabla ya kuchora chochote.

Na kama safu imejazwa na watu wa desturi zote mbili, hakuna programu itakayokuambia 3,250 ni ipi. Hapo mpigie simu aliyeiandika.