Kinga ya Risasi: Kiwango Kipi Kinafaa kwa Askari wa Uhifadhi?

Tarehe 29 Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa na majangili wa tembo katika Pori la Akiba Maswa, jirani na Ngorongoro. Risasi ilipigwa kutoka ardhini, ikapenya helikopta yake. Tukio hilo lafundisha mambo mawili: majangili wa ukanda huu huweza kuwa na bunduki zenye nguvu, na risasi haichagui upande uliokingwa.

Kiwango cha kinga huchaguliwa kwa kuzingatia silaha inayotarajiwa. Vipimo vinavyotumika sana ni vya Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani. Viwango vya IIA, II na IIIA ni fulana laini za nyuzi, nazo huzuia risasi za bastola tu. Risasi ya bastola husafiri takriban mita 400 kwa sekunde. Ile ya AK-47 hufikia mita 700 hivi, na hupenya fulana hizo. Kiwango cha III huhitaji mabamba magumu yanayozuia risasi za kawaida za bunduki ndefu, na cha IV huzuia hata risasi za kutoboa chuma. Tangu 2023 vipimo vipya hutumia alama HG kwa bastola na RF kwa bunduki ndefu. Kwa hiyo askari wa doria anayewakabili majangili asitegemee fulana laini peke yake.

Hata hivyo, kiwango cha juu kabisa si bora kwa kila mtu. Mabamba mawili huweza kuzidi kilo tano. Katika joto la bonde la Ziwa Eyasi, mzigo huo huchosha, hupunguza maji mwilini na huweza kusababisha kiharusi cha joto. Anayevaa anywe maji mara kwa mara na apumzike kivulini.

Kwa wahudumu wa afya wa Karatu na Endulen: risasi iliyozuiwa bado huumiza. Msukumo wake huweza kuvunja mbavu au kuchubua mapafu ilhali ngozi haijatoboka. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua, pumzi fupi au makohozi yenye damu asiruhusiwe kwenda nyumbani. Apimwe kifua na afuatiliwe kwa karibu.

Aidha, fulana haifuniki mikono, miguu wala kinena. Damu ikitoka kwa kasi mguuni au mkononi, kaza mkanda maalumu wa kuzuia damu sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, andika saa, wala usiulegeze njiani. Kutoka Karatu hadi Arusha ni takriban kilomita 140. Aliyevuja damu bila kuzuiwa huenda asifike.

Mwisho, kagua lebo, tarehe ya mwisho ya matumizi, na nyufa za mabamba. Jua na unyevu hudhoofisha nyuzi. Kinga iliyochakaa humpa mvaaji ujasiri usio na msingi.