Fundi Nyumbani na Mali Iliyopotea: Ni Juu ya Nani Kulipa?

Kila siku katika mitaa ya Tandale, Manzese na Mwananyamala mafundi huingia katika nyumba za watu: mwashi, seremala, fundi bomba, fundi umeme, mpaka rangi. Huingia asubuhi na vyombo vyao vya kazi, nao hutoka jioni. Mara nyingi kazi hutengenea na watu huagana kwa wema. Lakini iko siku ambayo, fundi akiisha kwenda zake, mtu hutazama mahali pa cherehani yake asiione. Hapo maswali huanza: ni nani aliyeiba, na ni nani atakayelipa? Mazungumzo yetu ni juu ya swali la pili, maana wengi hudhani kwamba maswali hayo ni mamoja, nayo sivyo.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi nyumba hizi zilivyo. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma penye jiko na choo cha watu wote. Huenda mwenye nyumba akakaa chumba kimoja, na vingine vyote vikawa na wapangaji. Katika baadhi ya nyumba kuta za vyumba hazifiki juu kwenye mabati, hata aliyeingia chumba kimoja aweza kupanda na kushukia cha pili. Basi fundi aliyeitwa na mtu mmoja hufanya kazi katikati ya mali za watu wengi ambao hawakumwita, wala jina lake hawalijui.

Tuseme mwenye nyumba amemwita fundi abadili mabati yaliyooza. Fundi ameyaondoa, jua likachwa kabla hajapigilia mapya, naye akaenda kwake bila kuziba palipo wazi wala kumwarifu mtu. Usiku mwizi akashuka kwa juu, akachukua cherehani ya mama mmoja mpangaji, ambayo kwa hiyo hupata chakula cha watoto wake. Mama huyu amdai nani?

Mwizi ndiye mdaiwa wa kwanza. Akikamatwa na kupatikana na hatia, mahakama yaweza kumwamuru alipe fidia. Lakini mwizi aghalabu haonekani, na akionekana cherehani imekwisha kuuzwa. Ndipo macho ya watu humgeukia fundi, naye hujibu, "Mimi sikuiba." Ni kweli, hakuiba, lakini jibu hilo halitoshi.

Jambo kama hili liliamuliwa Uingereza katika Mahakama ya Rufani, na hukumu yake ikachapwa mwaka 1948 kwa jina la Stansbie na Troman. Fundi wa kupamba kuta alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya watu. Bibi wa nyumba akatoka, akamwacha peke yake. Fundi naye akatoka kwenda kutafuta karatasi za ukutani, akakawia kama saa mbili, na mlango aliuacha bila kuufunga. Mwizi akaingia, akachukua vito na nguo. Fundi alijitetea kwamba hasara ililetwa na mwizi, si yeye. Mahakama ilikataa: aliyeachiwa nyumba yapaswa awe na uangalifu juu ya mlango, na mlango hufungwa kwa sababu gani, kama si kwa ajili ya wezi? Fundi akalipa.

Mahakama za Tanzania hazifungwi na hukumu hiyo. Sheria zetu zilipokea kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za baadaye ni mwongozo tu. Lakini kwa maoni yetu mwongozo huu ni mwema, na paa lililoachwa wazi usiku halina tofauti na mlango ulioachwa wazi mchana. Tofauti ingekuwapo kama fundi angaliziba kwa turubai na kuwaonya wapangaji, kisha mwizi akalipasua turubai. Hapo fundi ametimiza wajibu wake, na si haki kumtoza.

Na mwenye nyumba je? Kanuni ni kwamba bwana hujibu kwa kosa la mtumishi wake lililotendwa katika kazi aliyompa. Kwa hiyo kampuni ya ujenzi hujibu kwa makosa ya vibarua wake, na fundi mkuu kwa wanafunzi wake. Lakini fundi ajitegemeaye, afanyaye kazi kwa akili yake na vyombo vyake, si mtumishi wa aliyemwita. Kwa kawaida kosa lake halimpati mwenye nyumba, ila kama mwenye nyumba naye alikuwa na uzembe wake, mathalan alijua paa li wazi akanyamaza.

Penginepo mali yenyewe hukabidhiwa fundi, kama vile redio au cherehani ipelekwayo kutengenezwa dukani kwake. Sheria ya Mikataba ya Tanzania yasema aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza ya kwake. Akifanya hivyo nayo ikaibwa, halipi, isipokuwa walipatana vingine.

Sasa kuna neno ambalo hatutaki kulipita upesi. Kitu kikipotea, wepesi wa watu ni kumpigia kelele fundi: "Mwizi!" Katika miji yetu watu wameuawa kwa kelele hiyo, na wengine hawakuwa na kosa. Kuwapo mahali si kuiba. Kosa la wizi lapasa lithibitishwe pasipo shaka ya haki. Deni la uzembe huthibitishwa kwa uzito wa ushahidi tu. Kwa hiyo mama yule aweza kumdai fundi fidia bila kumwita mwizi hata mara moja, na madai hayo ni rahisi zaidi kuyathibitisha.

Lakini kushinda ni kitu kimoja, na kulipwa ni kingine. Fundi wa mtaani huenda hana mali ila nyundo na msumeno. Hapo ndipo bima ingefaa. Tangu mwaka 1967 biashara hii ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake, hata sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Leo yote husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Mwenye nyumba akiwa na bima ya jengo, mpangaji asidhani kwamba cherehani yake imo. Haimo, vyombo vya mpangaji vyahitaji bima yake mwenyewe.

Tena hati isomwe. Hati nyingi za bima ya wizi hutaka pawe na dalili za kuvunja: kufuli iliyokatwa, dirisha lililong'olewa. Fundi aliyekaribishwa mlangoni akichukua saa mezani, hakuna kilichovunjwa, na kampuni yaweza kukataa. Hata paa lililofunguliwa kwa kazi laweza kuleta ubishi. Kwa hiyo, kabla kazi haijaanza, mwenye bima aiarifu kampuni na kuuliza kama atalindwa siku zile. Jibu alipate kwa maandishi. Kampuni ikilipa, haimwachi fundi mzembe: huchukua haki ya mlipwaji na kumdai fundi.

Ikiwa wizi umekwisha kutokea, mtu aripoti polisi siku ile ile na kupewa namba ya taarifa, ile iitwayo RB, kwa maana pasipo hiyo madai ya bima huwa magumu. Picha ya paa au mlango ipigwe kabla haujatengenezwa, na risiti ya kitu itafutwe. Kampuni ikikataa kulipa pasipo sababu njema, malalamiko hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na hati, namba ile ya polisi, na barua ya kukataliwa.