Chama Hakifufuliwi na Mitambo Peke Yake

Chama cha siasa hakipimwi siku ya ushindi. Siku hiyo ngoma hulia, bendera hupepea, na hata yule aliyelala nyumbani wakati wa kazi hujitokeza mbele apigiwe makofi. Chama hupimwa asubuhi ya kushindwa, ofisi inapokuwa kimya, wachangaji wasipoonekana tena, na viongozi wanapotazamana, kila mmoja akitafuta wa kumlaumu. Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini hawakusema kwamba koleo jipya hujifua lenyewe.

Twapenda leo kuwaeleza ndugu wanachama na wafanyakazi jinsi wahafidhina wa Marekani walivyojaribu kufufuka baada ya kushindwa, na jinsi walivyoitumia intaneti katika kazi hiyo. Wahafidhina hao ni watu wapendao serikali ndogo, kodi ndogo na desturi za zamani, na kwa miaka mingi nyumba yao imekuwa chama cha Republican. Hatuwaelezi habari hizi ili mkubaliane na siasa zao. Jembe halina itikadi. Hulima shamba la kila alishikaye. Lililo muhimu kwetu ni kujua nani alilima akavuna, na nani alinunua jembe zuri akaliacha pembeni mwa shamba.

Jambo lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1964 mgombea wa wahafidhina, Barry Goldwater, alishindwa vibaya na Rais Lyndon Johnson. Katika majimbo 50 alishinda 6 tu. Wengi waliona kwamba uhafidhina umekwisha kuzikwa. Lakini palikuwa na kijana mmoja, Richard Viguerie, aliyejua kuwa chini ya majivu kuna moto. Sheria ya wakati ule iliwataka wagombea wapeleke kwa Karani wa Baraza la Wawakilishi majina ya watu waliochanga dola 50 au zaidi, na mtu yeyote aliruhusiwa kuyasoma. Viguerie akaenda na karatasi na kalamu, akaanza kuyanakili kwa mkono. Alipoona kazi imemzidi, akawaajiri wanawake wamsaidie. Walipokoma alikuwa na majina 12,500.

Kwa majina hayo alianza kupeleka barua nyumba kwa nyumba kwa njia ya posta: barua za kueleza hoja na kuomba mchango mdogo. Aliyejibu aliandikwa, akaandikiwa tena. Magazeti makubwa hayakuwapa wahafidhina nafasi waliyoitaka, lakini mtumishi wa posta aliwafikishia neno lao mlangoni. Mwaka 1980 Ronald Reagan, aliyekuwa amemtetea Goldwater katika televisheni siku zile za kushindwa, alichaguliwa kuwa Rais. Hatusemi kwamba barua ndizo zilizompa urais. Twasema kwamba barua ziliwaweka watu pamoja mpaka wakati wao ulipofika. Mali bila daftari huisha bila habari, na wanachama ni mali ya kwanza ya chama.

Sasa tuje katika zama za intaneti. Novemba 2008 wahafidhina walishindwa mara ya pili namna ile ile. Barack Obama wa chama cha Democratic alipata kura 365 za wajumbe wa uchaguzi, na mpinzani wake, John McCain, akapata 173. Katika Baraza la Wawakilishi Republican walibakiwa na viti 178 kati ya 435. Lakini kilichowatisha zaidi ni jinsi walivyoshindwa. Watu wapatao milioni 3 walikuwa wamemchangia Obama kwa intaneti, na jumla ya fedha hizo ilipita dola milioni 500. Haba na haba ilikuwa imejaza, si kibaba, bali ghala nzima. Tena anwani za barua pepe zaidi ya milioni 13 zilikuwa mikononi mwa kampeni yake, na wafuasi wake waliweza kuitana kwa mikutano bila kungoja amri kutoka juu.

Siku chache tu baada ya kushindwa, vijana wa Republican waliojua kazi ya intaneti, miongoni mwao Patrick Ruffini na Mindy Finn, walitangaza mpango wa kukijenga chama upya. Waliwaambia wakubwa wao wazi kwamba kuwashinda wapinzani katika ufundi huo ni lazima iwe kazi ya kwanza ya chama kwa miaka minne, na kwamba chama kitafute watu milioni 5 wapya wa kukifanyia kazi kwa njia ya intaneti. Hapo pana somo la kwanza. Hawakusema tumeibiwa, wala hawakusema wananchi ni wajinga. Walisema wenzetu wametuzidi kazi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na chama kisichokubali kuambiwa ukweli na vijana wake kitaendelea kuambiwa na wapiga kura.

Hata hivyo, moto haukuwashwa na mpango ule. Uliwashwa na watu wasio na cheo. Tarehe 16 Februari 2009, katika mji wa Seattle, mwanamke kijana aitwaye Keli Carender, ambaye hakuwa kiongozi wa chama, aliitisha mkutano wa kupinga matumizi makubwa ya fedha za serikali. Walikuja watu wapatao 120. Mwingine angefurahi, akaenda nyumbani kulala. Yeye alichukua anwani za barua pepe za waliokuja. Alipoitisha mkutano wa tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, walihudhuria zaidi ya elfu moja.

Mambo ya namna hiyo yalitokea nchini kote. Tarehe 19 Februari mtangazaji Rick Santelli alilaumu kwa hasira, katika televisheni kutoka Chicago, mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye madeni ya nyumba, akataja karamu ya chai, kwa kukumbuka chai iliyomwagwa baharini katika bandari ya Boston mwaka 1773. Maneno yake yalienea katika mtandao siku ile ile. Watu waliokuwa wakijuana kwa Twitter tu walipanga mikutano, na tarehe 27 Februari ikafanyika katika miji mingi. Vuguvugu hilo likaitwa Tea Party. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Theda Skocpol na Vanessa Williamson, waliolichunguza kwa makini, walikadiria kwamba lilikuwa na vikundi vya mahali kama 1,000. Wengi wa wanachama wake walikuwa watu wa makamo na wazee. Walikutana katika maktaba, makanisa na mikahawa, wakasoma sheria pamoja, wakawaendea wabunge wao na maswali.

Yatupasa kuwa wakweli. Wataalamu hao walionyesha pia kwamba vuguvugu lile halikuota lenyewe kama uyoga. Jumuiya zenye fedha nyingi zililisukuma, na televisheni ya Fox News ililitangaza mchana na usiku. Lakini fedha huweza kukodi basi. Haziwezi kumfanya mzee wa miaka 65 arudi kila mwezi katika mkutano wa kijiji chake. Aliyerudi, alirudi kwa sababu alipewa kazi na akajiona ni mtu. Intaneti ilifanya kazi ya mpiga mbiu: iliwaita watu, nao wakaja wakakaa uso kwa uso.

Matunda yalionekana mapema katika jimbo la Massachusetts. Kiti cha Seneti alichokishika Edward Kennedy tangu uchaguzi wa 1962 mpaka kufa kwake Agosti 2009 kilikuwa wazi. Hapana aliyedhani Republican atakipata. Mgombea wao, Scott Brown, aliwaomba wafuasi wachange dola 500,000 kwa intaneti katika siku moja, tarehe 11 Januari 2010. Walichanga dola milioni 1.3. Watu wa majimbo ya mbali waliwapigia simu wapiga kura wakiwa majumbani mwao. Tarehe 19 Januari Brown alishinda. Novemba ya mwaka huo huo Republican waliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi, wakalitwaa. Uchumi mbaya wa wakati ule uliwasaidia, hapana shaka. Lakini upepo humfaa aliyekwisha kutweka tanga.

Basi kama hadithi ingeishia hapo tungesema, nunueni mitambo, mtashinda. Haikuishia hapo. Katika uchaguzi wa 2012 kampeni ya Mitt Romney ilitengeneza chombo kikubwa cha kompyuta kiitwacho Orca, jina la nyangumi mkali, kwa kuwa chombo cha Obama kiliitwa Narwhal, nyangumi mdogo anayewindwa na huyo mkali. Watu zaidi ya 30,000 waliojitolea walikuwa wakae vituoni, waandike kwa simu zao nani amekwisha kupiga kura, ili makao makuu ya Boston yajue ni nani wa kufuatwa nyumbani. Fikra ilikuwa nzuri. Lakini chombo hakikujaribiwa kwa uzito wa siku yenyewe. Maelezo ya kurasa nyingi yalipelekwa kwa watu usiku wa mkesha. Wengine maneno yao ya siri hayakukubaliwa. Wengine walifika vituoni bila vyeti, wakarudishwa. Siku hiyo hiyo chombo kikazimika kwa muda. Watu waliokuwa tayari kubisha hodi kwa majirani walishinda wakigombana na simu, na Romney akashindwa.

Mnaona tofauti, ndugu zangu? Yule mwanamke wa Seattle alikuwa na anwani 120 na akazitumia kuwafanya watu wakutane. Orca ilikuwa na maelfu ya watu na ikawafanya wangoje. Kitu kilichobuniwa makao makuu na kuteremshwa kwa watendaji usiku wa mwisho, bila wao kuulizwa wala kufundishwa, ni kama divai mpya iliyotiwa katika kiriba kikuukuu. Kosa si la divai.

Lipo kosa kubwa kuliko hilo, nalo ni kumfanya mwanachama mnyama wa kuwindwa au ng'ombe wa kukamuliwa. Wahafidhina walirudi madarakani mwaka 2016 na Donald Trump, kampeni yake ikiitumia Facebook kwa wingi. Mwaka 2018 dunia ikaambiwa kwamba habari za watu wa Facebook wapatao milioni 87 ziliingia bila ruhusa yao mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni iliyofanya kazi katika kampeni za Republican. Jambo hili si la Marekani tu. Machi ya mwaka huo televisheni moja ya Uingereza iliwaonyesha maofisa wa kampuni hiyo, wasiojua kuwa wananaswa na kamera, wakijigamba kuwa walishiriki katika kampeni za Kenya za 2013 na 2017. Kulijua jina la jirani ili umtembelee ni ujirani. Kuichungulia hofu yake kwa siri ili umtishe nayo ni wizi.

Kisha likaja jambo la fedha. Mwaka 2019 Republican walianzisha WinRed, chombo cha kupokea michango kwa intaneti. Katika kampeni ya 2020 kurasa za kumchangia Trump ziliwekwa visanduku vilivyokwisha kutiwa alama, hata mtu aliyedhani ametoa mara moja akakatwa fedha kila wiki. Gazeti la New York Times lilieleza Aprili 2021 kwamba fedha zilizorudishwa kwa wachangaji zilizidi dola milioni 100. Miongoni mwao walikuwamo wazee na wagonjwa. Wapinzani wao nao walikuwa wamevitumia visanduku vya namna hiyo, na Mei 2021 Tume ya Uchaguzi ya nchi ile ilishauri kwa kauli moja vipigwe marufuku. Mzee anayetoa akiba yake kwa ajili ya imani yake, kisha akaona mfuko wake umetobolewa na wale aliowaamini, hatatoa tena. Na watoto wake watakuwa wameona.

Katika habari zote hizi twapata kipimo kimoja, nacho chamtosha katibu wa tawi kama kinavyomtosha mwenyekiti wa taifa. Kila chombo kipya kinapoletwa, kiwe kompyuta, kiwe simu, iwe hata kalamu na daftari, na tuulize: chombo hiki champa mwanachama kazi, au chamfanya awe mfuko wa kuchotwa? Chamkutanisha na jirani yake, au chamtenga peke yake chumbani na hasira yake? Kikimpa kazi na kumkutanisha, tukipokee kwa mikono miwili, na vijana wanaokifahamu wapewe nafasi bila wivu wa wazee. Kikimchota na kumtenga, tukikatae hata kama kinaleta fedha leo, maana kinakula mbegu ya mwakani.

Viguerie alianza kwa kalamu. Carender alianza kwa orodha ya watu 120. Hata kazi ya tawi lililolala huanza hapo hapo: daftari lifunguliwe, majina yasomwe, na kwa kila jina pawe na mtu wa kwenda kubisha hodi.