ULIACHA UFUNDI WA TOVUTI MIAKA 10? RUDI HIVI

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na mafundi walioweka kazi pembeni. Mimi nilitengeneza tovuti hadi 2012, nikarudi Newala kumuuguza mama na kusimamia mikorosho. Mwaka jana nikarejea kwenye ufundi. Hela ya korosho inakuja kwa msimu, ada ya watoto haingoji mnada. Sasa nina wateja Newala na Masasi. Njia ni hii:

1. JUA KILICHOKUFA NA KILICHO HAI
Flash ilizimwa mwisho wa 2020. Internet Explorer, iliyotunyima usingizi, ikastaafishwa Juni 2022. Ila HTML, CSS na JavaScript zipo palepale. Kwa hiyo huanzi sifuri. Usikimbilie React wiki ya kwanza. Rudisha msingi, kisha jifunze Flexbox na Grid. Kupanga ukurasa siku hizi ni rahisi kuliko enzi zetu za kuhangaika na majedwali.

2. SIMU KWANZA
Zamani tulipima kazi kwenye kompyuta. Leo anayefungua tovuti yuko stendi ya Masasi, ana simu ya kawaida na bando la kubana. Ukurasa wenye picha za MB 5 unamla bando, anauacha. Punguza picha, anza na skrini ndogo, na ujaribu mahali mtandao unaposuasua.

3. WEKA KUFULI
Tangu Julai 2018 Chrome inaonya kuwa tovuti isiyo na HTTPS si salama. Mteja akiona onyo hilo anakimbia. Cheti tulichokuwa tunanunua sasa unakipata bure Let's Encrypt. Na ukikusanya majina na namba za watu, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Inakuhusu.

4. ANZA NA KAZI NDOGO
Ukurasa mmoja unatosha: bidhaa, bei, ramani na kitufe cha WhatsApp. Mwenye gesti au muuza korosho zilizobanguliwa anauelewa mara moja. Chukua nusu ya malipo kabla. Domeini isajili kwa jina la mteja, maana ni mali yake. Mweleze mapema kwamba gharama ya kutengeneza ni mara moja, ila domeini na hosti hulipwa kila mwaka. Malipo hayo yapange Novemba au Desemba, hela ya korosho ikiwa mtaani. Ukimdai Aprili mtagombana bure.

5. PENGO USILIFICHE
Mteja mmoja aliniuliza, "Kaka, ulikuwa wapi siku zote?" Nikamjibu, "Nilikuwa namuuguza mama na kulima." Halafu nikampa simu aione kazi mpya niliyoifanya. Maswali yakaisha. Kwa hiyo kabla hujamfuata mteja, tengeneza mifano miwili au mitatu, hata ya duka la jirani.

Kijana wa Dar anaweza kukuzidi kwa programu mpya. Ila wewe unajua lini muuza duka wa Newala ana hela na lini hana, na akikwama unafika dukani kwake kwa miguu. Hiyo nayo ni mtaji, iweke kwenye bei yako.

Mtumie fundi unayemjua aliyeacha kazi. Labda anasubiri kusikia hili tu.