Watofinu: Jamii Iliyozaliwa Ziwani

Kusini mwa Benin, kaskazini mwa jiji la Cotonou, liko ziwa Nokoué, lenye kina kifupi hata pondo hutosha kuendeshea mtumbwi katika sehemu kubwa ya maji yake. Humo wanaishi Watofinu, ambao kijiji chao mashuhuri, Ganvié, kimejengwa juu ya nguzo za miti.

Watofinu hawakuanza kama uzao wa babu mmoja, bali ni mchanganyiko wa watu waliokimbilia ziwani kwa makundi na kwa nyakati tofauti, wengi wao wakiwa wa koo za Waaja, ambazo simulizi zao huanzia Tado, mji wa kale ulioko Togo ya leo. Kilichowasukuma ni biashara ya utumwa, iliyozidi kuwatisha wanavijiji baada ya ufalme wa Dahomey kuiteka Allada mwaka 1724 na Ouidah mwaka 1727. Husimuliwa sana kwamba mwiko wa dini uliwazuia askari wa Dahomey kuingia majini. Huenda mwiko huo ulikuwapo, lakini hata bila huo, jeshi lililozoea nchi kavu lisingeweza kwa urahisi kuwaandama watu katikati ya vinamasi.

Ziwa ndilo lililowaunganisha. Lugha yao, Kitofin, ni ya kundi la Kigbe, pamoja na Kifon na Kiewe, kwa hiyo si lugha inayowatenga na majirani, bali namna yao ya kuishi, ambayo kiini chake ni acadja, yaani boma la matawi yaliyochomekwa kwenye tope la ziwa. Samaki huvutwa na kivuli na mwani unaoota juu ya matawi hayo, huzaliana humo, kisha baada ya miezi kadhaa huzungushiwa nyavu na kuvuliwa. Wanaume ndio wavuvi, ilhali wanawake hukausha samaki kwa moshi na kuwauza, wakiendesha pia soko la mitumbwini. Acadja ni mali, na wasio nayo wamegombana mara nyingi na wenye nayo.

Watalii wameibandika Ganvié jina la Venice ya Afrika, sifa inayofunika historia ya wakimbizi. Wenyeji wana mashaka mengine: mfereji uliochimbwa Cotonou mwaka 1885 uliruhusu maji ya chumvi kuingia ziwani, na sasa taka za jiji na magugu maji vinazidi kuubana uvuvi.