Ndugu akikamatwa Kenya, ulizia namba ya kitabu

WAFANYABIASHARA wa kwetu Burundi wanaokwenda Kenya kwa barabara hupita Kobero, Kahama, Mwanza na Tarime, kisha huvuka mpaka pale Sirari na kuingia Isebania, katika Kaunti ya Migori. Wengi huenda na kurudi salama. Lakini hupatikana mmoja ambaye simu yake huzimika ghafla, na huku nyumbani watu huanza kukisia. Amekamatwa? Ameibiwa? Amekufa? Makisio hayo yanaweza kuchukua wiki, hata miezi, ilhali jibu limeandikwa katika kitabu kilichoko kwenye kaunta ya kituo cha polisi.

Sisi tuliosoma ukimbizini Tanzania tulifundishwa methali moja ambayo kila mwenye duka anaijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu aliyekamatwa ni vivyo hivyo. Aliyeandikwa anaweza kutafutwa, na asiyeandikwa ndiye wa kuogopewa. Ndiyo maana jambo la kwanza la kudai ni namba, kabla ya fedha na kabla ya wakili.

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi wakisikia neno "kaunti" hukimbilia ofisi za gavana. Ndugu zetu wakimbizi wa 1972 waliopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007 ndio wanaotushauri kwa simu, "Angalieni kwenye intaneti, kaunti huweka majina." Kwao ni kweli. Huko kaunti nyingi zina sherifu anayeendesha jela, na orodha ya waliomo humo hutazamwa na yeyote. Kenya si hivyo. Polisi wa Kenya ni wa taifa zima, na gavana hana orodha ya waliokamatwa. Kaunti ina askari wake wa kusimamia masoko na leseni, wale wanaoitwa kanjo. Ndugu yako akichukuliwa na kanjo, uliza amepelekwa kituo gani cha polisi, au mahakama gani.

Kituoni kuna kitabu kinachoitwa OB. Ni kitabu cha matukio, na kila tukio hupewa namba yake pamoja na tarehe. Ukiambiwa OB 23/14/5/2024, maana yake ni tukio la 23 lililoandikwa tarehe 14 Mei 2024. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inadai pia kwamba kituo kiwe na rejesta ya wanaozuiliwa, inayoonyesha jina la mtu, sababu ya kukamatwa kwake, siku na saa aliyokamatwa, na siku aliyofikishwa mahakamani. Ukiwa na namba ya OB, askari wa zamu hawezi kukujibu kwa urahisi kwamba "huyo hatumjui". Huna tena habari ya kusikia njiani, una ukurasa wa kufunguliwa.

Saa 24, si siku saba

Warundi wengi huchelewa kuuliza kwa sababu wamezoea sheria ya nyumbani, ambako mtu anaweza kukaa mikononi mwa polisi siku saba, na siku hizo zikaongezwa mara moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haifanyi kazi, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa saa kumi jioni anapaswa kuwa mbele ya hakimu kabla Jumatatu haijaisha, kama Jumatatu hiyo si sikukuu.

Hapo ndipo msomaji apige hesabu yake. Siku ya kwanza ulizia kituoni. Kuanzia siku ya pili au ya tatu ulizia mahakamani pia. Aliyekamatwa Isebania anaweza kuwa amefikishwa mahakama ya Kehancha au ya Migori mjini. Kila asubuhi mahakama hubandika orodha ya kesi za siku hiyo, na kesi husikilizwa hadharani. Huhitaji kibali cha mtu ili uingie na kukaa kwenye benchi la nyuma.

Mahakama pia ina masjala. Kesi ikishasomwa hupewa namba yake yenye mwaka, na namba hiyo ni bora kuliko ile ya OB, kwa sababu inaonyesha shtaka, tarehe ya kurudi mahakamani, masharti ya dhamana na uamuzi uliotolewa. Iandike kwenye karatasi, usiiache kwenye simu ambayo kesho itaibiwa. Ukitaka nakala ya mwenendo wa kesi, utalipia kiasi kilichowekwa na kupewa risiti ya serikali. Pasipo risiti, hujalipa mahakama, umemlipa mtu.

Majina yetu yanavyotupoteza

Tatizo la Mrundi lina mzizi mwingine ambao polisi wa Kenya hawaujui. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Baba, mwana na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina hata moja la kufanana. Mkenya huuliza, "Jina la ukoo?" na wewe huna la kumpa. Ukisema unamtafuta mdogo wako, naye ana jina tofauti kabisa na lako, askari anaona unamdanganya.

Tena majina huandikwa kama yalivyosikika. Niyonkuru anakuwa Nyongulu. Nshimirimana anakuwa Shimilimana. Jina la ubatizo linatangulia kituoni, mahakamani linafuata nyuma. Mama mmoja wa mtaa wetu aliniomba nimsaidie kuandika barua za kumtafuta mwanawe, na kila jibu lilikuwa hapana. Kijana alikuwa hai, yuko rumande, kwenye daftari lile lile, ila jina lake lilikosa herufi tatu. Alipatikana pale tulipoacha kuuliza jina na kuanza kuuliza tarehe: ni Warundi gani waliopokelewa wiki hiyo?

Basi usiulize kwa jina peke yake. Toa tarehe aliyoonekana mara ya mwisho, mahali, umri, uraia, namba ya pasipoti au ya hati yake ya kusafiria, na mzigo aliokuwa nao. Anayetafuta kwa tarehe na mahali humpata hata aliyeandikwa vibaya. Ukimpata, dai jina lirekebishwe mapema. Katiba ya Kenya, ibara ya 35, inampa kila mtu, si raia peke yake, haki ya kusahihishiwa habari isiyo ya kweli inayomhusu.

Nani anaruhusiwa kuomba?

Hapa panahitaji uangalifu. Ibara hiyo hiyo ya 35 inasema haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali ni ya raia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inafuata njia hiyo. Mrundi hawezi kuitumia kwa jina lake. Lakini mwenyeji wake anaweza: mwenye nyumba aliyempangisha, mteja wake wa sokoni, mke aliyemwoa huko, wakili. Mfanyabiashara mwenye Mkenya mmoja wa kuaminika ana mlango ambao wengine hawana.

Sheria hiyo ina mambo manne ya kushika. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa hiyo asikurudishe mtu kwa sababu ya lugha. Kuwasilisha ombi hakuna ada; kinachoweza kutozwa ni gharama ya nakala. Jibu hutolewa ndani ya siku 21, lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni ndani ya saa 48. Na ombi likikataliwa, mwombaji anaweza kupeleka malalamiko, ndani ya siku 30, kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo Wakenya wengi huiita Ombudsman.

Barua yenyewe haihitaji maneno makubwa. Inaweza kuwa hivi:

"Kwa Mkuu wa Kituo. Mimi, raia wa Kenya mwenye kitambulisho namba fulani, naomba kujulishwa kama fulani, raia wa Burundi mwenye umri wa miaka kadhaa, aliyeonekana mara ya mwisho mahali fulani tarehe fulani, amezuiliwa katika kituo chako. Kama ndivyo, naomba namba ya OB ya kukamatwa kwake, kosa analotuhumiwa, na tarehe na mahakama aliyofikishwa. Kama amehamishwa, naomba kujua amepelekwa wapi. Habari hizi zinahusu uhuru wa mtu, hivyo naomba jibu ndani ya saa 48 kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016."

Peleka nakala mbili. Moja ibaki kituoni, ya pili igongwe mhuri wa siku uliyoileta, nawe uondoke nayo. Bila mhuri saa 48 hazina mwanzo.

Aliyekamatwa mwenyewe ana haki zisizotegemea uraia. Aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, anyamaze akitaka, na awasiliane na wakili au mtu mwingine anayehitaji msaada wake. Kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimweki mtu rumande. Lakini kukaa Kenya bila kibali si kosa la namna hiyo. Sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 imeweka faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mgeni anaweza pia kuomba ubalozi wake ujulishwe, kama Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unavyoeleza. Aliye mkimbizi na hataki nchi yake ijue alipo, aombe Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lijulishwe badala yake. Uamuzi huo ni wake yeye, si wa jamaa zake.

Tujue vilevile mipaka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na daftari la polisi si gazeti. Usitegemee kupewa habari za mshindani wako wa biashara kwa sababu tu unataka kumchafua. Wanaosikilizwa ni mhusika, jamaa zake na mtetezi wake.

Njia nyingine, kitabu kile kile

Akikamatwa kabla ya kuvuka, upande wa Sirari au Tarime, hilo ni suala la polisi wa Tanzania. Namba ya kuulizia huko huitwa RB. Tanzania nayo ina sheria yake ya kupata taarifa ya mwaka 2016, nayo ni ya raia, na jibu lake hutolewa ndani ya siku 30. Wanaopitia Uganda waulizie namba ya SD. Katiba ya huko ya mwaka 1995 inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Majina ya vitabu yanabadilika, kazi ni moja.

Neno la mwisho ni kwa wanaorejea nyumbani baada ya kesi. Kukamatwa si kupatikana na hatia, lakini anayerudi mikono mitupu hana cha kuonyesha tofauti hiyo. Njoo na hati ya mashtaka, risiti ya dhamana au ya faini, na uamuzi wa mahakama. Dhamana ya fedha taslimu hurudishwa kesi ikiisha kwa aliyehudhuria mahakamani, na anayeidai huonyesha risiti. Siku utakapoomba cheti cha tabia njema huko Kenya, watachukua alama za vidole, na vidole havikosewi herufi. Kama kesi yako ilifutwa, karatasi ya kufutwa ndiyo itakayokusemea.

Na wewe unayefunga mzigo wiki hii, kabla ya kupanda basi acha nyumbani karatasi moja yenye majina yako kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti hiyo, mpaka utakaovukia, na jina na simu ya Mkenya atakayekupokea. Simu yako ikizimika, watu wako wasianze kukisia. Waanze na karatasi hiyo.